Saratani iliyokosewa kutambuliwa: jinsi ya kudai fidia nchini Kenya, hatua kwa hatua

Kabla ya kumtafuta wakili, tafuta bloku. Ni kibonge cha nta kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, na ndani yake kimezamishwa kipande cha nyama kilichochukuliwa mwilini mwako siku ulipofanyiwa biopsi, au kama wengi wanavyosema, ulipokatwa kinyama. Kinakaa kwenye droo ya maabara ya patholojia, yaani ile inayochunguza nyama za mwili, pamoja na slaidi za kioo zilizotokana nacho. Daktari anaweza kusahau aliyokuambia, faili linaweza kupotea, lakini bloku iliyotunzwa vizuri itasomeka vilevile baada ya miaka. Mtu akija kuuliza kama saratani ilikuwepo wakati ule na haikuonekana, au haikuwepo na ukatibiwa bure, jibu liko humo.

Mwongozo huu unahusu Kenya: sheria zake, mahakama zake na muda wake wa mwisho. Msomaji wa Tanzania atafaidika na sehemu za ushahidi, ila taratibu za kule ni tofauti. Kwa mfano, kuishtaki Serikali ya Tanzania kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza.

Kosa peke yake halilipi

Wagonjwa wengi huingia ofisini kwa wakili wakiwa na sentensi moja: "Daktari alikosea." Hiyo haitoshi. Unapaswa kuthibitisha mambo manne: kwamba daktari au hospitali ilikuwa na wajibu kwako, kwamba ilishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa, kwamba kushuka huko ndiko kulikosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo na yanapimika. La kwanza ni rahisi, maana ukishapokewa na kutibiwa wajibu upo. Kazi iko kwenye la pili na la tatu.

Kiwango kinachotumika kilitoka Uingereza, katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, kundi la madaktari wenye ujuzi wa taaluma hiyo wangeona alichofanya ni sawa? Kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 iliongeza sharti kwamba maoni hayo ya wenzake lazima yasimame kimantiki, yasiwe tu ya kufunikana. Kwa hiyo daktari wa zahanati isiyo na ultrasaundi hapimwi kwa kipimo cha bingwa wa Nairobi. Hata hivyo, huyo wa zahanati alikuwa na kalamu na karatasi ya rufaa, na mara nyingi uzembe wake ni kutozitumia.

Jambo la tatu, kisababishi, ndilo linaloua kesi za saratani. Tazama kesi ya Gregg dhidi ya Scott, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 2005. Mgonjwa alikuwa na uvimbe chini ya kwapa, daktari akamwambia si kitu, kumbe ni saratani ya tezi za limfu. Matibabu yalichelewa takriban miezi 9. Wataalamu walikadiria kwamba nafasi yake ya kupona ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Uzembe ulithibitishwa, lakini akashindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwa sababu hata angetambuliwa mapema nafasi yake ilikuwa chini ya asilimia 50. Kwa lugha ya mahakama, alikuwa na uwezekano mkubwa wa kutopona tangu mwanzo. Mahakama za Kenya hazifungwi na uamuzi huo, ila huusoma, na wakili wa upande wa pili atautaja.

Maana yake kwako ni kwamba swali la kumuuliza mtaalamu ni hili: kuchelewa kule kulibadilisha nini? Saratani ya titi iliyokuwa hatua ya kwanza na sasa ni ya tatu ina kesi. Saratani ya kongosho iliyokuwa imeshasambaa siku ya kwanza, hata kama daktari aliipuuza kwa miezi mitatu, huenda isiwe na fidia kubwa zaidi ya maumivu yaliyoweza kutulizwa mapema. Ni afadhali uambiwe hivyo sasa kuliko baada ya miaka minne mahakamani.

Makosa ya upande wa pili, yaani kuambiwa una saratani na huna, ni rahisi kidogo kuyathibitisha. Titi lililoondolewa halihitaji hesabu za asilimia. Ikiwa ulianzishiwa kemo bila majibu ya patholojia yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, hapo kuna swali zito la kujibiwa, kwani tiba ya namna hiyo huanza baada ya nyama kusomwa, isipokuwa katika hali chache maalumu.

Mahali ambapo mambo huharibika

Unaposoma faili lako, unatafuta mahali hasa ulipokatika mnyororo.

Mahali pa kwanza ni kliniki. Tezi za shingo zinavimba, mgonjwa anakonda na kutoka jasho usiku, anaanzishiwa dawa za TB za miezi 6 bila GeneXpert, kipimo cha maabara cha TB, kuonyesha vijidudu. Tezi hazipungui. Kuanza dawa hizo kunaweza kuwa uamuzi unaokubalika, kwa sababu TB ni nyingi kwetu. Uzembe huwa katika ziara ya tatu au ya nne, pale ambapo tezi bado ni kubwa na hakuna aliyechukua kinyama. Vivyo hivyo mtu wa miaka 50 anayetoka damu haja kubwa na kutibiwa bawasiri mara tano bila hata kupimwa kwa kidole, au mama mwenye uvimbe kwenye titi anayeambiwa ni maziwa yameziba. Kwa uvimbe wa titi kanuni inajulikana: kushikwa na daktari, picha (ultrasaundi au mamografia), na biopsi kama kuna shaka. Vitatu hivyo husomwa pamoja, na visipokubaliana mgonjwa harudishwi nyumbani.

Mahali pa pili ni sampuli. Kipande cha nyama hutakiwa kutumbukizwa kwenye formalini (dawa ya maji ya kuhifadhia nyama) ya asilimia 10, ya ujazo wa mara kumi hivi ya kipande chenyewe, bila kuchelewa. Kwa titi, kinakaa humo kati ya saa 6 na 72, vinginevyo vipimo vya vipokezi vya homoni, vinavyosaidia kuchagua tiba, havitegemeki. Katika hospitali zetu si ajabu jamaa wa mgonjwa kukabidhiwa kichupa na kuambiwa akipeleke maabara mwenyewe kwa matatu. Kama ilikuwa hivyo kwako, andika: nani alikibeba, saa ngapi, kulikuwa na maji gani ndani, jina gani kwenye lebo. Kichupa kilichojaa maji ya kawaida ya chumvi kinaharibu nyama, na lebo iliyobandikwa kwenye kifuniko badala ya kichupa ndiyo njia rahisi kabisa ya majibu ya wagonjwa wawili kubadilishana.

Mahali pa tatu ni usomaji wenyewe, yaani mwanapatholojia (daktari anayesoma nyama kwa hadubini) au daktari wa picha kuona vibaya. La nne linakera kuliko yote: majibu yalitoka sahihi, yakisema saratani, na hakuna aliyempigia mgonjwa simu. Ripoti ilikaa. Ukiipata ripoti ya namna hiyo yenye tarehe ya zamani, piga picha mbele na nyuma siku hiyohiyo, pamoja na mhuri wa kupokelewa. Katika kesi kama hizo hakuna haja ya kubishana juu ya ujuzi wa mtu.

Saa inahesabu

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, madai ya uzembe yana miaka 3. Dhidi ya Serikali au mamlaka ya umma ni miezi 12 tu, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39. Hospitali ya kaunti, hospitali kubwa ya rufaa, kituo cha afya cha serikali: vyote vichukulie kuwa vya miezi 12 hadi wakili akuonyeshe kwa maandishi kwamba sivyo.

Muda huanza siku madhara yalipotokea, si siku ulipoyagundua, na kwa saratani hilo ni tatizo kubwa kwa sababu kosa hujificha. Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinatoa mlango: mahakama inaweza kuruhusu kesi nje ya muda ikiwa mambo ya msingi hukuyajua. Lakini mlango huo ni mwembamba, tazama hesabu yake. Tuseme hospitali ya kibinafsi ilikupa majibu yasiyo sahihi Februari 2022. Miaka 3 inaisha Februari 2025. Ukigundua kosa Novemba 2024, yaani ndani ya mwaka wa mwisho, unaweza kuomba ruhusa, na kesi lazima ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu ulipogundua, hadi Novemba 2025. Ukigundua Juni 2023, kifungu hicho hakikusaidii: ulikuwa na zaidi ya mwaka mmoja mkononi, na unabanwa na Februari 2025. Maombi husikizwa upande mmoja tu, kwa hiyo kupewa ruhusa si ushindi, maana mshtakiwa anaweza kuipinga kesi yenyewe inaposikizwa.

Andika basi tarehe mbili kwenye karatasi na uibandike mahali unapoiona: siku ya kosa, na siku uliyoambiwa ukweli. Ya pili iwe na ushahidi, kwa mfano ripoti ya daktari mpya yenye tarehe.

Kukusanya kumbukumbu

Anza na ulizo nazo nyumbani. Katika vituo vya umma mgonjwa wa nje hununua daftari la shule, na daktari huandika humo. Daftari hilo lenye jalada lililochanika mara nyingi ndilo kumbukumbu kamili pekee ya ziara zako za mwanzo, kwa sababu kituo huenda hakikubaki na nakala. Usilirudishe, usiliandike kitu, wala usilikabidhi kwa mtu bila kupiga picha kila ukurasa, hata ule mtupu. Kusanya pia karatasi za rufaa, vifurushi vya dawa, filamu za eksirei, risiti, ujumbe wa kukumbushwa kliniki, na taarifa za M-Pesa. Ujumbe wa simu unaochapishwa kwa ajili ya mahakama huambatanishwa na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo usifute simu wala kuiuza.

Kisha andikia kila kituo ulichopita, barua yake peke yake. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuona taarifa zako, na kanuni za 2021 zinataka ombi hilo lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Barua iwe fupi:

"Kwa Afisa Kumbukumbu za Wagonjwa. KUH: Ombi la nakala za kumbukumbu zangu za matibabu. Mimi ni (jina), kitambulisho namba (…), namba ya mgonjwa (…). Nilitibiwa hapa kati ya (tarehe) na (tarehe). Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba nakala kamili za: maelezo ya madaktari na wauguzi ya kila ziara, fomu za kuomba vipimo, majibu yote ya maabara na patholojia, yakiwemo ya awali na yaliyorekebishwa, picha zote katika diski pamoja na ripoti zake, fomu za idhini, barua za rufaa, na bili. Naomba pia bloku na slaidi zangu zihifadhiwe na zisitupwe."

Usiandike neno "uzembe" wala "kesi" kwenye barua hiyo. Si ujanja mbaya. Neno hilo hulipeleka faili moja kwa moja kwa wakili wa hospitali, na siku 7 zinageuka miezi. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri na urudi nayo. Ukinyimwa, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko na sheria inaitaka iyahitimishe ndani ya siku 90.

Fomu za kuomba vipimo watu huzisahau, nazo ni dhahabu. Zinaonyesha daktari alimwambia nini mwenzake wa maabara. Fomu iliyoandikwa "uvimbe, miezi 2" ilhali wewe ulisema miezi 14 inaeleza mengi. Picha nazo zitake katika diski: karatasi ya ripoti ni maoni ya mtu, diski ndiyo picha yenyewe, na mtaalamu wako ataisoma upya.

Bloku kusomwa mara ya pili

Usiibebe mwenyewe. Nta hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 60 hivi au chini yake kidogo, na dashibodi ya gari lililofungwa juani Mombasa haiko mbali na hapo. Zaidi ya joto, wakili wa upande wa pili atauliza ilikuwa wapi kwa siku mbili ilizokaa kwenye mkoba wako. Omba ipelekwe maabara kwa maabara, kwa fomu ya makabidhiano inayoonyesha namba ya bloku, aliyetoa, aliyepokea na saa. Namba iliyochorwa kwenye kibonge ifanane na ya ripoti. Kama maabara haitaki kuachia bloku nzima, iombe ikate slaidi mpya zisizopakwa rangi, ili mwanapatholojia wa pili azipake mwenyewe na kuongeza kipimo cha imunohistokemia, yaani rangi maalumu za kutambua aina ya seli, akihitaji. Pale unaposhuku kwamba nyama si yako kabisa, kipimo cha DNA kinaweza kulinganisha kipande kilicho ndani ya nta na damu yako.

Mpe mwanapatholojia wa pili slaidi bila kumwambia unataka jibu gani, na awe hana uhusiano na hospitali ile.

Orodha ya matukio

Keti na daftari jipya, chora safu: tarehe, kituo, aliyekuona, ulichomwambia, alichokupima, alichokupa, alichokuambia ufanye, ulichotumia. Andika hata yasiyokupendeza. Ulikosa kurudi tarehe uliyopewa? Ulitumia miezi minne kwa mganga wa mitishamba? Iandike. Upande wa pili utayapata, na mahakama inaweza kupunguza fidia kwa sehemu iliyotokana na wewe. Wakili akiyajua mapema anaweza kueleza kwa nini, labda tarehe hiyo wahudumu walikuwa kwenye mgomo. Akiyasikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, kesi imeshaanza kuvuja.

Mtaalamu

Bila ripoti ya mtaalamu huru hakuna kesi, isipokuwa ile ya majibu yaliyosahaulika kwenye droo, na hata hiyo inahitaji daktari wa saratani aeleze kuchelewa kulifanya nini. Mara nyingi unahitaji wawili: mmoja wa taaluma ileile ya anayelalamikiwa, kueleza kiwango, na daktari wa saratani, kueleza kisababishi. Kumpata ni kazi. Madaktari wanajuana, walisoma pamoja, wengine wanaogopa kusema dhidi ya mwenzao. Tafuta kaunti nyingine, au mhadhiri wa chuo cha tiba.

Barua ya kumwagiza mtaalamu iwe na maswali haya, kwa maneno ya namna hii: Kwa dalili na vifaa vilivyokuwepo tarehe fulani, daktari wa kawaida wa ngazi hiyo angefanya nini? Aliyefanya alipungukiwa wapi? Tarehe hiyo saratani ilikuwa katika hatua gani, na unajuaje? Iko hatua gani leo? Kwa matibabu ya wakati ule, uwezekano wa kupona ulizidi asilimia 50? Ni matibabu gani ya sasa yasingehitajika? Swali hili la mwisho huokoa kesi nyingi. Hata asipoweza kusema ungepona, anaweza kusema usingekatwa titi zima, au usingehitaji mionzi, na hayo ni madhara yanayolipwa.

Baraza la Madaktari

Malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, huandikwa na mgonjwa mwenyewe au jamaa, yakiambatanishwa na nakala za kumbukumbu. Daktari hupewa nafasi ya kujibu, na kamati ya nidhamu inaweza kuonya, kusimamisha leseni au kumfuta kwenye rejista. Muuguzi, afisa wa kliniki na mtu wa maabara wana mabaraza yao.

Faida kubwa ya njia hii ni majibu ya maandishi ya daktari: anaeleza alichofanya, na itakuwa vigumu kwake kuyageuka baadaye. Hasara yake ni kwamba watu huenda huko na kungoja. Baraza halisimamishi saa ya mahakama. Malalamiko yanaweza kuchukua muda mrefu, uamuzi ukatoka kwa kukupendelea, na siku hiyohiyo muda wa kufungua kesi ukawa umekwisha. Peleka malalamiko, na kesi iendelee kando yake.

Wakili na pesa

Hakikisha kwanza jina lake liko hai kwenye orodha ya Chama cha Mawakili. Kisha muulize ameendesha kesi ngapi za tiba, si ajali za barabarani. Anayekuahidi "tukishinda tunagawana nusu" amekuanza vibaya: Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha mkataba wa kulipwa tu kwa ushindi. Panga ada kwa maandishi, kwa awamu, na utenge pesa za wataalamu kando, kwa sababu ndizo huisha kwanza na kesi ikasimama. Kumbuka pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake. Asiye na uwezo anaweza kuomba Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au kuomba mahakama imruhusu kushtaki bila ada kama fukara chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Mashauri ya Madai.

Nani wa kumshtaki? Hospitali hubeba makosa ya waajiriwa wake. Bingwa anayekodi chumba na kuleta wagonjwa wake anaweza kuwa si mwajiriwa, na hospitali ya kibinafsi itakuambia hivyo mwaka wa pili wa kesi. Washtaki wote kwa pamoja tangu mwanzo: daktari, hospitali, na maabara ya nje kama ilihusika. Angalia jina halisi lililosajiliwa kwenye risiti, kwa kuwa jina la kwenye bango mara nyingi ni la biashara tu.

Barua ya madai, kisha kesi

Wakili hutuma kwanza barua ya madai ikitaja kosa, madhara, kiasi au aina za fidia, na siku za kujibu. Hospitali nyingi huipeleka kwa kampuni yao ya bima, na hapo ndipo simu za upole huanza. Mtu anaweza kukuita "tuyamalize kifamilia", akakuwekea bahasha na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo husema umepokea malipo ya mwisho na hutadai tena. Kama saratani itarudi mwakani, umeshauza haki yako. Usitie sahihi kabla mtaalamu hajasema matibabu yako ya miaka ijayo yatagharimu nini.

Kesi hufunguliwa kwa hati ya madai ikiambatana na hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za nyaraka ikiwemo barua ya madai. Mahakama inategemea kiasi: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, hakimu mkuu hadi milioni 20, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Mahakama ya Madai Madogo husikiza hadi milioni 1 na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60, lakini kesi yenye wataalamu watatu haikai humo vizuri. Kesi inaweza kupelekwa kwenye upatanishi wa mahakama, wa siku 60, na kwa maoni yetu hiyo ni nafasi ya kuikamata kwa mikono miwili ukiwa na ripoti nzuri. Hospitali haipendi jina lake lisomwe mahakamani, na mgonjwa wa saratani hana miaka ya kupoteza kwenye viti vya korido.

Wakati yote haya yakiendelea, jina la daktari lisiingie Facebook. Unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa, wa kashfa.

Kinacholipwa

Gharama ulizotumia lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa risiti. Nauli za kwenda kemo Eldoret kila wiki tatu, malazi ya anayekusindikiza, wigi, sidiria maalumu, chakula cha hospitali: vyote vinahesabika vikiwa na karatasi. Kilichotumika bila risiti mahakama hukihurumia na kukikata. Matibabu ya baadaye nayo yatajwe kwenye hati, pamoja na makadirio ya daktari, kwani yakisahaulika huko mwanzo hakimu hawezi kuyatoa mwishoni.

Baada ya hapo ni fidia ya maumivu na kupoteza raha za maisha, ambayo hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi zilizopita, na upotevu wa mapato. Mama wa kibanda asiye na hati ya mshahara asikate tamaa: daftari la mauzo, taarifa za M-Pesa, kibali cha biashara na ushahidi wa wateja husaidia.

Mgonjwa akifariki

Familia huwa na madai mawili: ya mali ya marehemu chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, na ya wategemezi wake, yaani mume au mke, watoto na wazazi, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Anayefungua kesi kwa niaba ya mali ya marehemu anahitaji hati ya usimamizi wa mirathi. Ipo ya muda mfupi ya kuendeshea kesi tu, hutolewa haraka kuliko ile kamili. Kesi ya namna hiyo iliyofunguliwa na mjane bila hati hufutwa, hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Kama biopsi haikuwahi kufanywa, fursa ya mwisho ya kujua iko mochwari. Uchunguzi wa maiti, au angalau vipande vya tishu vilivyotiwa formalini, vichukuliwe kabla ya mazishi. Kufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama na hakumpendezi mtu. Kwa familia za Kiislamu zinazozika siku hiyohiyo, zungumza na mwanapatholojia asubuhi na mapema, umweleze unachohitaji ni vipande vya kiungo fulani tu, ili maziko yasicheleweshwe. Apewe pia namba ya simu ya wakili, maana ndiye atakayeulizwa miaka miwili baadaye vipande hivyo viko kwenye droo gani.